Namna ya Kuzuru Aina Mahal na Prag Mahal, Kasri za Bhuj

Anza na jina. "Aina" ya Bhuj siyo aina tunayoisema sisi. Kwa Kihindi ni kioo cha kujitazamia. "Mahal" nayo ni ndugu wa "mahali", maana maneno yote mawili yametoka kwenye Kiarabu. Kwa hiyo kibao cha mlangoni kinasema mahali pa vioo, na msomaji wa Kiswahili ameshaelewa nusu yake kabla ya kukata tiketi.

Bhuj ni mji mkuu wa wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat, magharibi kabisa mwa India. Ndani ya mji wa kale kuna ua wenye kuta na malango uitwao Darbargadh, ambako waliishi watawala wa Kutch waliojulikana kwa cheo cha Maharao. Humo kuna majengo matatu: Aina Mahal, iliyojengwa mwaka 1752, Prag Mahal, iliyoanza kujengwa mwaka 1865 na kumalizika mwaka 1879, na Rani Mahal, makazi ya wake wa mfalme, ambayo imefungwa na hutazamwa kwa nje tu. Tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001 liliyavunjavunja yote matatu. Aina Mahal ilipoteza ghorofa yake ya juu. Kinachotembelewa leo ni kile kilichobaki na kukarabatiwa, na hilo lijulikane mapema, kwa sababu mgeni anayetarajia kasri la kung'aa kama la kwenye kalenda atatoka amenuna.

Siku na saa: hapa ndipo wengi wanapokosea

Aina Mahal hufungwa Alhamisi. Siku nyingine hufunguliwa mara mbili: asubuhi na alasiri, na katikati mlango unafungwa kabisa. Kibao kitasema 9 hadi 12, kisha 3 hadi 6. Kwa saa zetu ni saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, halafu saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni. Ukitazama vizuri utaona jambo la kuchekesha: hata ukisahau kugeuza saa ukakisoma kibao Kiswahili-Kiswahili, unapata vipindi vilevile viwili, vimebadilishana nafasi tu. Hii ndiyo makumbusho pekee tunayoijua ambayo mzoea saa za Kiswahili hawezi kuikosa kwa kosa hilo.

Kinachowakosesha watu ni kufika saa 5:40 asubuhi. Kaunta huacha kukata tiketi kama robo saa kabla ya kufunga, na hata ukiingia, mhudumu ataanza kuzima taa ukiwa bado kwenye chumba cha pili. Mabasi na magari ya kitalii yanayopeleka watu kwenye jangwa jeupe la Rann hupenda kushusha wageni Darbargadh kwa nusu saa, tena saa hizohizo za mwisho. Ikiwa umekodi gari, mwambie dereva mapema kwamba unataka kukaa hapo kwa muda wa saa mbili na nusu, kuanzia asubuhi mlango unapofunguliwa.

Prag Mahal, iliyo ua huohuo hatua chache tu, hufuata mpangilio unaofanana lakini huanza nusu saa baadaye asubuhi. Makumbusho ya Kutch, iliyo kando ya ziwa Hamirsar, ina utaratibu wake: hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, kisha saa 8:30 hadi saa 11:30 jioni, na hufungwa Jumatano pamoja na Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi. Hapa sasa kugeuza saa ni lazima, usijidanganye na bahati ya Aina Mahal. Kwa anayetaka kuona vyote kwa siku moja, Jumatatu, Jumanne, Ijumaa na Jumapili ndizo siku salama. Sikukuu za serikali zinaweza kuvuruga mpango huu, hasa kwenye makumbusho ya serikali, kwa hiyo waulize hotelini jioni ya kuamkia siku hiyo.

Kuhusu msimu, Novemba hadi Februari ndiyo miezi ya kwenda. Asubuhi ni baridi ya kuhitaji sweta na mchana jua ni la kustahimilika. Kuanzia Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40 na kasri hazina kiyoyozi. Ila miezi hiyo mizuri ndiyo pia ya tamasha la Rann Utsav, na vyumba vya Bhuj hupanda bei na kujaa. Weka nafasi mapema au lala katikati ya wiki.

Kufika

Kutoka Mumbai kuna ndege ya kwenda Bhuj na kuna treni za usiku kama Kutch Express, ambazo huchukua usiku mzima na sehemu ya asubuhi. Kutoka Ahmedabad, tangu Septemba 2024 kuna treni ya Namo Bharat inayokwenda Bhuj kwa chini kidogo ya saa sita. Mabasi ya usiku ni mengi, lakini yanakushusha alfajiri wakati hata chai haijachemka.

Anayetoka nyumbani aombe viza ya mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya India, maana tovuti za kuigiza ni nyingi na hutoza zaidi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia India. Hili linawahusu moja kwa moja wanaotoka Kenya, Uganda, Burundi na Kongo. Wa Tanzania naye abebe, kwa sababu safari nyingi hupitia Nairobi au Addis Ababa, na afisa wa uwanja wa ndege huangalia ulikopita pia. Asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini.

Kutoka stesheni ya Bhuj hadi Darbargadh ni mwendo mfupi wa bajaji. Ndiyo, ni bajaji ileile, na hapa ndiyo uko nchini kwao. Wao wenyewe huiita riksha. Patana bei kabla ya kupanda, na usimwambie dereva "museum". Ukisema hivyo atakupeleka Makumbusho ya Kutch, au atakupandisha kwenye kilima cha Bhujia hadi Smritivan, makumbusho kubwa ya tetemeko iliyofunguliwa mwaka 2022. Sema "Aina Mahal, Darbargadh". Barabara za mji wa kale ni nyembamba, na mara nyingi dereva atakushusha kwenye lango. Ua uko mbele yako.

Mkononi uwe na nini

Noti ndogo za rupia 10, 20, 50 na 100. Wenyeji hulipa kwa simu kwa kuskani mchoro wa malipo, na mgeni asiye na akaunti ya benki ya India mara nyingi hawezi. Ukitoa noti ya 500 asubuhi mlango ukifunguliwa, chenji itakuwa tatizo. Kiingilio chenyewe si kikubwa, lakini kila kasri lina tiketi yake, na kamera inalipiwa peke yake katika kila kasri. Kama utapiga picha kwa simu, uliza pale kaunta kama simu inahesabiwa kamera, kisha ulipe na uiweke ile risiti mahali unapoifikia. Mhudumu wa chumba cha tatu hakukuona ukilipa, na atakudai.

Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza, kwa ajili ya ngazi za mnara. Chukua maji, kitambaa cha kufuta jasho na vumbi, na kama macho hayaoni vizuri karibu, miwani, kwa sababu mambo mengi ya Aina Mahal ni madogo na yako kwenye mwanga hafifu. Begi kubwa liache hotelini: vyumba ni vyembamba, na begi la mgongoni likigeuka nawe linagonga kioo cha miaka 270.

Aina Mahal iwe ya kwanza

Kwa macho, Prag Mahal ni kubwa zaidi na ina mnara, kwa hiyo wageni huikimbilia. Ni kosa. Prag Mahal inaweza kutazamwa na mtu aliyechoka. Aina Mahal haiwezi. Tena asubuhi vyumba vyake havijajaa watu, na vyumba hivi watu wanane tu wanatosha kuvijaza.

Kabla ya kuingia, jua nani aliyejenga. Mfalme alikuwa Maharao Lakhpatji, mpenda mashairi na muziki. Fundi alikuwa Ramsingh Malam, na hakuwa mwashi: alikuwa baharia wa Okhamandal, ng'ambo ya ghuba ya Kutch. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana, chombo chake kiliharibika baharini kikielekea Afrika, akaokolewa na meli ya Kiholanzi, akapelekwa Uholanzi na kukaa miaka kama 18. Huko alijifunza kutengeneza vioo, vigae, saa, kazi ya rangi ya kuchomwa juu ya metali, na kusubu chuma. Aliporudi, watawala wengine hawakumjali; Lakhpatji ndiye aliyempokea na kumpa kazi. Jina Malam si la ukoo bali la kazi, ni yule muallim wa Kiarabu, mjuzi wa njia ya bahari. Kwenye majahazi ya pwani yetu nako, mwalimu alikuwa pia mtu wa kuongoza chombo, si wa darasani tu.

Ukilijua hilo, jengo linasomeka. Kwa nje ni ukuta mzito wa Kihindi, na hakuna dalili yoyote ya Ulaya. Panda ngazi hadi sakafu ya makumbusho, na usikimbie ukumbi wa kuingilia. Hapo tafuta picha ndefu ya karatasi, yapata mita 15, inayoonyesha msafara wa kifalme wa Kutch. Itembee kutoka mwisho wa msafara kuelekea mbele, yaani kinyume na mwendo wa watu waliochorwa, ili wakujie usoni. Tazama nani anapanda tembo, nani farasi, nani anatembea kwa miguu, na nani amebeba nini. Dakika kumi hapa si nyingi. Tafuta pia mlango ulionakshiwa kwa pembe za ndovu. Pembe za ndovu za Afrika Mashariki zilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu zilizoingia kwenye bandari ya Mandvi, kusini mwa Bhuj.

*Hira Mahal, chumba cha kulala.* Kuta zake ni za marumaru nyeupe zilizofunikwa vioo, na kati ya kioo na kioo kuna nakshi zilizopakwa dhahabu. Katikati kuna kitanda chenye miguu ya dhahabu; husimuliwa kwamba mfalme alikuwa akibadilisha kitanda kila mwaka na kile cha zamani hupigwa mnada. Wageni wengi hupiga picha ya kitanda wakaondoka. Simama kidogo uelewe vioo vinafanya kazi gani. Karne ya 18 hakukuwa na taa ila mshumaa na mafuta. Mshumaa mmoja kati ya kuta mbili za vioo huonekana kama safu ya mishumaa isiyo na mwisho, na dhahabu iliyo kati ya vioo huupa mwanga ule rangi ya joto. Chumba hiki kilijengwa kwa ajili ya usiku. Mchana, hasa mlango ukiwa wazi, unaona nusu ya kazi yake. Ili ukikaribie kusudi lake, jikinge macho na mwanga wa mlango kwa kiganja, simama pembeni badala ya katikati, na tazama kioo kwa mshazari.

Utaona madoa ya kijivu, mengine kama ukungu, mengine kama ramani, mara nyingi yakianzia kwenye kingo. Usidhani ni uchafu ambao hakuna aliyejali kuufuta. Kioo cha kujitazamia cha zama hizo hakikupakwa fedha mgongoni. Kilibandikwa utando wa bati lililochanganywa na zebaki. Utando huo hauvumilii unyevu wala chumvi. Hewa ikipenya ukingoni, bati hula kutu na kugeuka unga, na kioo kinapofuka kutoka pembeni kuja katikati. Kuufuta kwa mbele hakusaidii kitu, na kuugusa kunaongeza chumvi ya jasho. Pale unapokuta kipande kinachong'aa sawasawa kote, bila doa hata moja, uwezekano mkubwa ni kipande kilichowekwa baadaye. Mtu akishajua hivyo, kutafuta vioo vya kale kati ya vipya kunakuwa mchezo mzuri, hata kwa watoto.

Angalia na chini. Vigae vya sakafu vina rangi ya bluu na nyeupe kwa mtindo wa Delft, mji wa Uholanzi unaosifika kwa kazi hiyo. Ramsingh alianzisha kiwanda cha vigae na cha vioo hukuhuku Kutch, asitegemee meli. Usikanyage sehemu iliyozungushiwa kamba hata kama mhudumu ameondoka.

*Fuvara Mahal, chumba cha chemchemi.* Fuvara ni maji yanayoruka juu. Katikati ya chumba kuna jukwaa la mraba alipoketi mfalme, na pande zote limezungukwa na mfereji wenye midomo ya kutoa maji. Pampu na mirija ilipandisha maji hadi kimo kinachotakiwa, kisha yakashuka na kuruka kwa uzito wake mwenyewe. Mfalme alikaa katikati, wacheza ngoma na wanamuziki kando yake, akatunga mashairi. Anasa, lakini pia ni kiyoyozi: hewa ya Kutch ni kavu, na maji yanapotawanyika kwenye hewa kavu hugeuka mvuke na kuipoza. Chumba hikihiki kingejengwa Unguja au Mombasa, ambako hewa tayari imejaa unyevu, kingemwacha mfalme amelowa tu.

Leo mfereji kwa kawaida ni mkavu, na ndiyo sababu wageni hupita chumba hiki kwa sekunde tano. Fuata mpangilio huu: kwanza tafuta midomo ya maji kwenye kingo za jukwaa, kisha tazama mahali pa mishumaa, mwisho tazama dari na kuta, ukijiuliza mwanga uliopita kwenye matone ungetua wapi. Hapo chumba kinaanza kueleweka.

Vyumba vingine vina saa za kale, globu, silaha, picha za watawala na vitu vilivyotoka Ulaya. Maelezo yake ni mafupi na mengine yamefifia. Humo unaweza kupita kwa mwendo wa kawaida. Kwa jumla, toa saa moja na robo kwa Aina Mahal, na nusu ya muda huo iwe kwenye Hira Mahal na Fuvara Mahal.

Picha kwenye chumba cha vioo

Zima mwako wa kamera. Ukiruhusiwa ama usiruhusiwe, mwako unarudi moja kwa moja kwenye lenzi na unapata doa jeupe lenye kivuli chako nyuma yake. Simama kwa mshazari, kama digrii 30 hadi 45 na ukuta, ili kioo kioneshe ukuta wa pili badala ya wewe. Kwenye simu, gusa sehemu yenye mwanga mkali zaidi, sio sehemu ya giza, kisha shusha mwangaza kidogo. Ukigusa giza, dhahabu yote itageuka njano iliyoungua. Egemeza kiwiko ubavuni na ushikilie pumzi. Usiegemee kabati wala fremu. Na ukivaa shati jeupe, ujue utajikuta kwenye kila picha. Nguo ya rangi ya kukoza hupotea vizuri zaidi ndani ya vioo.

Prag Mahal

Ukitoka Aina Mahal, vuka ua. Tofauti ni ya kushtua, na hiyo ndiyo faida ya kufuata mpangilio huu. Aina Mahal ni Ulaya iliyotafsiriwa na baharia wa Kihindi. Prag Mahal ni Ulaya iliyoagizwa nzima. Maharao Pragmalji wa Pili alimpa kazi mhandisi wa Kiingereza, Kanali Henry St Clair Wilkins, naye akachora kasri la mtindo wa Kigothiki wa Italia, lenye matao ya ncha na mnara wa saa wa mita 45. Ujenzi ulitumia mawe ya mchanga ya Rajasthan na marumaru ya Italia, mafundi wa Kiitaliano wakifanya kazi pamoja na wachongaji wa Kutch. Mfalme alifariki mwaka 1875 kabla halijaisha, likamaliziwa mwaka 1879 chini ya mwanawe, Khengarji wa Tatu. Ni miaka minne kabla ya Beit el-Ajaib kukamilika Unguja, na aliyewahi kusimama Forodhani ataitambua ile hamu ya wafalme wa Bahari ya Hindi ya zama hizo ya kuwa na jumba la kuwashangaza wageni.

Ghorofa ya juu kuna ukumbi wa baraza. Taa kubwa za vioo zinaning'inia, sanamu za Kizungu zimesimama kwenye kuta, na wanyama waliowindwa na kujazwa wanakutazama kwa macho ya gololi. Vumbi lipo. Usitafute uzuri uliopangwa; tafuta nguzo. Nenda karibu na vichwa vya nguzo na mawe yaliyotobolewa kwa nakshi, ulinganishe majani na wanyama wa Ulaya waliochongwa na mikono iliyozoea maua ya Kihindi. Kwa nyuma ya kasri, uani, kuna hekalu dogo la mawe lenye michongo mizuri ambalo nusu ya wageni hawalioni kabisa.

Mnara upande mwishoni, na saa 5 asubuhi isikupite ukiwa bado chini. Ngazi ni nyembamba na zina vumbi na kinyesi cha njiwa, kwa hiyo panda mkono mmoja ukutani na mwingine mtupu. Wanaoshuka wapewe nafasi kwenye vituo, sio katikati ya ngazi. Mwenye tatizo la magoti au kizunguzungu abaki ukumbini bila aibu. Juu utaona mji mzima, kilima cha Bhujia na, karibu yako, ramani ya tetemeko: pengo hapa na paa jipya pale. Rani Mahal yenye madirisha ya jali, yaani yaliyotobolewa kwa nakshi, huonekana vizuri zaidi kutoka huku kuliko kutoka uani.

Kumi na mbili za kibao, saa 6 kwetu, zikigonga, toka. Karibu na malango na sokoni kuna dabeli, chakula cha mtaani cha Kutch: mkate laini uliojazwa viazi vya viungo, karanga za kukaanga na punje za komamanga. Agiza ukisema pilipili kidogo, maana "kawaida" yao ina ukali. Bia usiulize, Gujarat ni jimbo lililopiga marufuku pombe.

Alasiri: Makumbusho ya Kutch

Ni ya serikali, ilianzishwa tarehe 1 Julai 1877, na ndiyo kongwe kuliko zote Gujarat. Dakika 45 zinatosha. Vitu viwili usivikose: sanamu ya mbao ya Airavat, tembo wa hadithi za Kihindu mwenye mikonga mingi, na sarafu za kori. Kutch ilikuwa na fedha yake yenyewe, kori, hadi mwaka 1948, utawala wake ulipokabidhiwa serikali ya India. Msomaji wa kwetu atakumbuka kwamba rupia ya India ndiyo iliyokuwa fedha ya Afrika Mashariki ya Waingereza hadi karibu mwaka 1920, na neno "laki" tunalotumia hadi leo kuhesabu pesa linatoka upande huohuo. Tharia Topan, tajiri aliyejengesha zahanati maarufu ya Unguja karibu na bandari, alizaliwa Lakhpat, mji wa kale wa bandari wa Kutch.

Watu na lugha

Lugha za mtaani ni Kikutchi na Kigujarati. Kihindi kinaeleweka, Kiingereza kidogo. Lakini usiache Kiswahili hotelini. Vijiji vinavyoizunguka Bhuj, kama Madhapar na Baladia, vina familia nyingi zenye ndugu Kenya na Uingereza, na si ajabu mzee aliyekaa barazani akakuuliza habari za Nairobi kwa Kiswahili safi cha dukani. Mwamkie shikamoo, wengi wanaijua na hufurahi. Msafiri mweusi anaweza kuitwa Sidi. Masidi ni jamii ya Wahindi wenye asili ya Afrika, na wako Kutch pia. Ngoma yao huiita goma. Kwa kawaida neno hilo linatumika kama kabila lingine lolote, kwa hiyo ukiitwa hivyo jibu tu unakotoka.

Ukiwa na siku ya pili

Nenda Mandvi, kilomita 60 kusini. Kuna kasri la Vijay Vilas la miaka ya 1920, la mawe mekundu, kando ya bahari, lakini hatungeendea hilo peke yake. Endea ukingo wa mto Rukmavati, ambako majahazi makubwa ya mbao bado yanajengwa wazi. Fika asubuhi, simama nje ya njia ya mafundi, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu. Utakuta mbavu za chombo zimesimama kama mifupa ya nyangumi na mafundi wakipigilia pamba kwenye maungio ya mbao, kazi ambayo fundi wa jahazi wa Lamu angeitambua bila kuelezwa.